Maharage ya Umalila na binti anayetaka Fizikia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa viazi na pareto huku Umalila, Mbeya Vijijini. Binti yangu anaingia kidato cha tatu mwakani, na shule imetuita wazazi tukubaliane masomo atakayoendelea nayo. Yeye anataka Fizikia na Kemia. Mimi nasita. Shule yetu ya kata ina jengo la maabara lakini ndani ni meza tupu, na mwalimu wa Fizikia ni mmoja kwa shule nzima. Kaka yake alisoma sayansi mpaka chuo kikuu. Huu ni mwaka wa pili yuko Mbalizi anaendesha bodaboda. Majirani wananiambia sayansi ni ya nchi zenye viwanda, huku kwetu mtoto asome arts apate daraja zuri. Halafu ni msichana. Mwenyewe hachoki kuuliza. Juzi ametoka likizo kwa shangazi yake Kyela, akaniuliza kwa nini maharage kule yanaiva upesi kuliko hapa nyumbani. Nikamjibu ni kuni. Naomba uniambie ukweli: sayansi itamsaidia nini mtoto wa mkulima katika nchi kama yetu?

JIBU: Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu nalitoa mapema ili usihangaike kulitafuta: mwache binti asome Fizikia na Kemia. Sikuambii hivyo kwa ajili ya ajira, wala kwa ajili ya ile hotuba ya "sayansi ndiyo maendeleo" tunayoisikia kila mahafali. Nakuambia hivyo kwa ajili ya maharage.

Umeyataja kama jambo la pembeni, karibu na mwisho. Nimefundisha Kemia zaidi ya miaka 30, Mbeya na Iringa, na kwangu hayo maharage ndiyo yaliyobeba barua nzima. Mtoto amekula pande mbili za mkoa mmoja, ameona tofauti ambayo sisi watu wazima tunaipita kila siku, na amerudi nayo nyumbani ikiwa swali. Nimefundisha darasa baada ya darasa la watoto walioweza kukariri sheria zote za kitabuni bila hata siku moja kuuliza swali kama hilo.

Ngoja nimjibu kwanza. Hewa ina uzito. Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na ninyi wa Umalila mko juu ya mita 2,000. Hewa iliyo juu ya sufuria yenu ni pungufu kuliko iliyo juu ya sufuria ya shangazi, kwa hiyo inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na hewa inayoyakandamiza. Hewa ikiwa pungufu, mvuke unashinda mapema, kabla maji hayajawa ya moto sana. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka nyuzi 1. Kule Kyela maji yanachemka kwenye nyuzi 98 hivi, kwako kwenye 92 au 93. Nyuzi tano au sita utaziona si kitu, lakini punje ya maharage inazidai kwa muda mrefu wa kukaa jikoni.

Sasa tazama kuni ulizozitaja. Maji yakishaanza kuchemka, hata ukisukumia magogo matatu chini ya sufuria hayawi ya moto zaidi. Joto linabaki palepale, maji yanazidi tu kugeuka mvuke. Mama anayechochea moto mkali ili maharage yaive upesi anamaliza kuni na maji ya sufuria, maharage yenyewe hayana habari. Afadhali ayaloweke usiku kucha, na sufuria ikishatokota apunguze moto na kufunika. Mwenye uwezo akinunua sufuria ya presha, mvuke unafungiwa ndani na kuyakandamiza maji badala ya hewa, na joto linavuka nyuzi 100 hata kama nyumba iko kule juu uwanda wa Kitulo. Hii ni Fizikia ya kidato cha pili na cha tatu, baba. Imeingia jikoni kwako, imehesabu mizigo ya kuni ambayo mkeo na binti yako wanaibeba kichwani kila wiki.

Sikukosoi kwa kumjibu "ni kuni". Lilikuwa jibu la mtu mzima aliyepika, na lina sifa moja kubwa: linaweza kupimwa. Nitalirudia mwishoni.

Kuna kijana mmoja aliyewahi kuwa na swali la jikoni kama la binti yako, na sehemu ya habari yake ilitokea Iringa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji la kugandisha. Siku moja nafasi za friji zilikuwa zinakwisha, Mpemba akaogopa kukosa, akayaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu wa Fizikia aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo darasa zima likawa linamtania kwa maneno hayo kila alipokosea hesabu.

Kijana hakuacha. Mchana mmoja alikuta maabara ya Bayolojia iko wazi, akachukua vikombe viwili vya kioo, kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya moto, akavigandisha. Kisha akaja mgeni pale Mkwawa, Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote na kumuuliza: ukichukua maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi sawa, ukayagandisha pamoja, kwa nini ya moto yanatangulia? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwambia fundi wa maabara ajaribu, na fundi akaleta habari kwamba kweli ya moto yametangulia, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja katika jarida la kufundishia Fizikia huko Uingereza, na mpaka leo wanafizikia wa nchi nyingi wanabishana kuhusu jambo hilo wakilitaja kwa jina la Mtanzania huyo. Wapo wanaosema halitokei kila mara, wapo waliopima upya na kulikanusha. Mabishano hayo yanaendeshwa kwa vipimo, na yalianza na aiskrimu ya watoto wa shule.

Majirani wanasema sayansi ni ya nchi zenye viwanda. Nawaelewa, kwa sababu tumezoea kuiona ikishuka kwenye meli ndani ya makasha. Hapo naomba tuingie shambani kwako, kwenye pareto.

Kiangazi kimoja nilipanda Umalila na walimu wanafunzi. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alikuwa anachuma maua kwa mikono miwili, vidole vinaenda kama vya mfumaji wa kikapu, ua linabaki mkononi na kikonyo kinabaki shambani. Tukaomba ua moja, tukalipasua kwa wembe juu ya karatasi. Petali nyeupe nikaziweka pembeni, vimbegu vichanga vilivyo chini ya kile kitovu cha njano nikaviweka katikati. Nikawaambia: sumu ya pareto iko humu, kwa sehemu kubwa sana. Hizi nyeupe zinazopendeza karibu hazina kitu. Yule mama akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo maana wanatukataza kuchuma yaliyofumba." Ndiyo maana hasa. Ua likichumwa changa, vimbegu havijajaza. Likiachwa likapitiliza, sumu inapungua. Ua kavu zuri lina sumu kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachoamua daraja na bei unayolipwa kituoni. Tulipima pia: maua mabichi kama kilo nne yanakauka yakabaki kilo moja. Ukiyarundika yangali na unyevu yanavunda, ukiyaunguza kwa joto kali sumu inaharibika, maana haipendi joto wala mwanga. Wewe unayajua haya kwa mazoea. Mwenye Kemia anajua kwa nini, kwa hiyo anaweza kubadilisha kichanja chake pasipo kusubiri bwana shamba apite.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa ua hilohilo mbali na shamba lako. Mwaka 1924 wanakemia wawili waliokuwa Uswisi, Hermann Staudinger na Leopold Ružička, walichapisha kazi yao ya kueleza jinsi sumu ya pareto ilivyojengeka, chembe kwa chembe. Wengine wakaendelea kutoka hapo. Tatizo la sumu ya asili ni kwamba jua linaivunja upesi, haidumu shambani. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walikaa miaka mingi wakibadilisha sehemu moja ya umbo hilo, wanapima kwa wadudu, wanabadilisha nyingine, wanapima tena. Mwaka 1973 wakatangaza permethrini: ndugu wa sumu ya pareto, anayetengenezwa kiwandani na asiyeharibiwa upesi na mwanga. Hakuhitaji shamba, mvua wala mchumaji.

Wakati huo Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pareto duniani. Dawa za kiwandani zikaingia sokoni, na hiyo ni sababu mojawapo ya soko letu kuyumba na wazee wengi wa nyanda hizi kung'oa pareto wakapanda viazi. Muulize baba yako au jirani mwenye umri, atakusimulia. Na usiku wa leo, huyo shangazi wa Kyela amelala ndani ya chandarua chenye dawa ya ukoo huohuo, permethrini au ndugu zake. Arusha kuna kiwanda kinachotengeneza vyandarua vya permethrini, kwa teknolojia iliyotoka Japani.

Ua lilikuwa letu, na mikono iliyolichuma yetu. Waliokaa na kuuliza ndani ya ua mna nini na kwa nini linaua mdudu walikuwa wengine, na faida ikaenda kwa waliouliza. Sisemi waliiba. Walifanya kazi halali, tena kazi iliyookoa watoto wengi wa Afrika wasife kwa malaria, nami nawashukuru. Ninachosema ni kwamba kazi ile ilihitaji watu waliofundishwa kupima, na sisi hatukuwa nao. Leo kiwanda cha Mafinga kinakamua pareto hapahapa nchini, na dawa za asili zimepata tena wateja kwa sababu hazidumu kwenye chakula wala kwenye udongo. Maana yake ule udhaifu wa kuvunjika kwa jua sasa ni sifa. Nani atakayechunguza ni mbegu gani ya pareto inayotoa sumu nyingi zaidi Umalila kuliko Makete, na kichanja gani kinaitunza? Mtu wa Rothamsted hana sababu ya kuishughulikia. Mtu wa kata yenu anayo.

Kwa upande wa mazao mengine kazi hiyo tumeifanya wenyewe. Ukipanda mahindi ya UH6303, hiyo UH inasimama kwa Uyole, kituo cha utafiti kilicho pembezoni mwa jiji la Mbeya. Maharage ya Njano Uyole nayo yametoka pale. Kuna watu waliokaa vyumbani na mashambani pale Uyole miaka kwa miaka wakivusha chavua, wakihesabu punje, wakitupa zisizofaa. Walikuwa wanafunzi wa Bayolojia katika shule zetu kabla ya kuwa wataalamu, wengine wakiwa watoto wa wakulima kama binti yako.

Na usiende mbali, tazama lumbesa. Mnunuzi wa viazi anafika na gunia lake, analishindilia, analiwekea kilemba juu, na wewe unalipwa gunia moja. Mizani ipo dukani umbali wa hatua mia. Hili halihitaji chuo kikuu, najua, lakini mazoea ya kusema "tupime kwanza" yana mahali yanapofundishwa, na hapo mahali ni darasa la sayansi linalofundishwa vizuri.

Kuhusu kaka yake sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Vijana wenye shahada za sayansi walio mitaani ni wengi, nafasi za serikali zikitangazwa waombaji wanazidi nafasi mara nyingi, na mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kuumia. Umesikitika, na mimi nasikitika pamoja nawe. Lakini naomba uniruhusu swali: akiwa chuoni, mwanao alishika vifaa mara ngapi? Nimekutana na wahitimu wanaoweza kuandika kurasa tatu juu ya tindikali ya udongo, na hawajawahi hata mara moja kupima udongo wa shamba la baba yao. Huo ni upungufu wa ufundishaji wetu, na nauhesabu kuwa deni la walimu, mimi nikiwemo. Hauondoki kwa kumwambia mdogo wake asisome.

Kijana huyo ana pikipiki na ana elimu. Umalila, Isangati, mpaka Mbozi kuna wakulima wanaomwaga mbolea kila msimu bila kujua udongo wao una tindikali kiasi gani, na kwenye mvua nyingi kama za kwenu tindikali huizuia fosforasi ya mbolea isifike kwenye mizizi. Pesa inabaki ardhini, mmea hauioni. Kupima udongo na kujua ni wapi chokaa ilihitajika kabla ya mbolea ni huduma ambayo watu wangeilipia. Mwambie aende Uyole akaulize, au Agosti kwenye Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, watafiti wanakuwepo na wanaongea na kila mtu. Sikuahidi kwamba atatajirika. Nasema elimu aliyonayo haijaanza kutumika, na hilo ni tofauti na kusema haina kazi.

Sasa shule yenyewe. Jengo la maabara lenye meza tupu nalijua. Miaka ya 2012 hadi 2015 nchi nzima tulichangishwa kujenga vyumba vitatu vya maabara kila shule ya kata, wazazi wakabeba mchanga na matofali. Kuta zikasimama. Kuzijaza ndiko kumekwenda polepole, na mwalimu wa sayansi hafyatuliwi kama tofali.

Nilipohamishiwa shule moja, sitaitaja, nilikuta vyombo vya kioo vipya ndani ya maboksi yaliyofungiwa stoo kwa miaka. Mkuu wa shule aliogopa vitavunjika. Wanafunzi waliviona siku ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Nakumbuka msichana mmoja siku hiyo, mkono wa kushoto umeshika bureti, lile bomba la kioo lenye alama za vipimo, kwa mara ya kwanza maishani, unatetemeka kiasi kwamba bomba lote linatikisika. Titresheni, yaani kupima tindikali kwa besi tone kwa tone, inataka tone moja la mwisho: maji yanakuwa meupe, meupe, meupe, halafu tone moja linaligeuza lote. Yeye lilimwagika tone, likafuata bomba zima. Alilia palepale. Nadharia yote aliijua, alikosa mkono. Sijamsahau, na tangu siku hiyo sijawahi kufungia chombo stoo.

Tulichofanya baadaye kinaweza kufanyika shuleni kwenu hata kesho. Bureti ikawa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, kutoka duka la dawa. Tindikali ikawa maji ya ndimu. Besi, ile inayoua nguvu ya tindikali, ikawa maji ya majivu yaliyochujwa kwa kitambaa, yale ambayo bibi zetu waliyajua kabla ya magadi ya dukani. Kionyeshi kikawa rozela kavu iliyolowekwa: kwenye ndimu inang'aa nyekundu, kwenye majivu inageuka kijani. Wanafunzi wanahesabu matone, wanaandika, wanarudia mara tatu, wanatafuta wastani. Siku ya mtihani mikono haikutetemeka tena. Kemikali halisi zinahitajika, sisemi hazihitajiki, na wewe ukiwa mzazi una haki ya kusimama kwenye kikao na kuuliza fedha za maabara zimenunua nini mwaka huu. Uliza kwa heshima, na usiache kuuliza. Lakini mwalimu mmoja mwenye moyo na ndimu kumi anafanya zaidi ya maabara iliyofungwa kufuli.

Lipo jambo lingine linalowaangusha watoto wengi kuliko maabara, nalo ni lugha. Binti yako ameuliza kuhusu maharage kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili akaeleweka. Shule ya msingi alijifunza kwamba hewa ina kanieneo, ndiko huko kukandamiza kwake. Kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza kwa siku moja, na mtoto aliyekuwa akielewa akaanza kukariri. Nimeona wasichana wenye akili wakinyamaza miaka minne kwa kuogopa kuchekwa sarufi, si kwa kutojua Fizikia. Mimi hufundisha wazo kwanza kwa Kiswahili, likishakaa nalivalisha Kiingereza cha mtihani. Wapo wakaguzi walionikemea. Nyumbani kwako hakuna mkaguzi: kila siku mwambie akueleze kwa Kiswahili alichojifunza. Akishindwa kukueleza wewe, hajaelewa, na afadhali ajue siku hiyo kuliko siku ya mtihani. Wewe huhitaji kujua Fizikia, kazi yako ni kusema "hapo sijaelewa, rudia".

Umeandika "halafu ni msichana" na hukuongeza neno, nami sitaongeza mengi. Aliyegundua tofauti ya maharage ni yeye, kwa sababu ndiye anayekaa na sufuria. Wanaochuma pareto yako ni akina nani? Kama kazi ya kuangalia, kusubiri na kupambanua imekuwa ya wanawake miaka yote, sioni namna darasa linaloifundisha kazi hiyohiyo liwe la wavulana. Ila fanya jambo moja: mpunguzie kazi za jioni, azigawane na kaka zake. Hesabu hazifanyiki saa nne usiku na mgongo umechoka.

Kuhusu daraja zuri la arts, majirani wana hoja, na sitaki uidharau. Mtoto asiyependa sayansi akilazimishwa anapoteza miaka. Kwa hiyo kabla ya kikao tazama matokeo yake ya Hisabati, maana hapo ndipo Fizikia inaposimama au kuanguka. Akiwa dhaifu, ana likizo nzima ya kufanya mazoezi ya kidato cha kwanza na cha pili upya. Asione aibu kurudi nyuma. Zungumza na huyo mwalimu mmoja wa Fizikia uso kwa uso, umuulize anamwonaje. Na ujue njia hazianzii na kuishia kidato cha sita. Akifaulu kidato cha nne anaweza kusoma stashahada ya ufundi, kwa mfano pale Iyunga kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Anaweza kwenda vyuo vya afya, au ualimu wa sayansi. Mkwawa, kulekule Mpemba alikosimama akachekwa, sasa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, na shule yenu yenye mwalimu mmoja inawasubiri watakaotoka huko. Njia hizi nyingi zinadai Kemia au Fizikia mlangoni. Akiziacha kidato cha tatu, kuzirudia baadaye ni kazi nzito. Aliyesoma sayansi akitaka kuhamia masomo mengine, mlango kwa kawaida haufungwi.

Nilisema nitarudi kwenye kuni. Kabla ya kikao cha shule, fanyeni kazi hii pamoja. Achukue maharage kutoka debe moja, ayapime kwa mizani ya dukani mafungu manne ya nusu kilo. Fungu moja ampelekee shangazi Kyela au amtumie kwa basi, matatu yabaki. Yote yalowekwe saa zilezile, na maji yawe kiasi kilekile. La kwanza hapo nyumbani mlipike kwa moto wa kawaida, la pili kwa moto mkali, la tatu kwa moto mdogo unaoyaacha maji yatokote tu. Muda uanze kuhesabiwa maji yanapochemka, si moto unapowashwa. Kila baada ya dakika 10 achote punje kumi, aziminye kwa vidole, aandike ngapi zimelainika. Kyela shangazi afanye vivyo hivyo. Wewe ushike saa, yeye ashike daftari, na kuni za kila fungu zipimwe kabla ya kuwashwa na zilizobaki zipimwe tena. Mkiona tofauti, msiamini mara ya kwanza, rudieni.

Maharage yawe ya msimu mmoja, maana yaliyokaa ghalani mwaka mzima huchelewa kuiva popote yanapopikwa.